Mtu wa Kuachiwa Funguo

Kila mtu alimwachia kitu. Jumapili ibada ikiisha, akina mama waliotaka kusalimiana bila mizigo walimwekea mikoba mapajani, naye akabaki kwenye benchi la nyuma amezungukwa na mikoba kama mtu aliyefungua duka. Chuoni, wanafunzi waliokwenda kula walimwachia kompyuta zao. Vijana wa bodaboda waliongoja wateja nje ya lango walimwachia funguo za pikipiki wakienda kujisaidia. Hakuna aliyehitaji kumbembeleza. "Mwalimu, nishikie hii kidogo," na kabla maneno hayajaisha mkono wake ulikuwa umeshanyooka, kiganja juu.

Nimeufikiria sana ule mkono. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Mama yangu husema nikipewa chai nitauliza kwanza kikombe kilitoka wapi, na nikimaliza kuuliza chai imepoa. Huenda ndiyo maana nililipenda somo lake kuliko masomo mengine yote. Alitufundisha usimbaji fiche, yaani namna ya kuugeuza ujumbe kwa hesabu hadi usisomeke na yeyote ila mwenye ufunguo. Katika somo hilo, kuwa na wasiwasi si ugonjwa. Ni kazi ya nyumbani.

Jina lake siliandiki. Angekuwa hapa angesema jina ni taarifa kama taarifa nyingine, na taarifa hupewa anayeihitaji. Sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu. Ufuoni kwetu, upande wa Nyakach, ambako mama yangu anauza samaki, walimwita Japuonj, ambalo ni neno lilo hilo kwa Dholuo.

Aliishi Milimani, katika mojawapo ya zile nyumba zenye ua mpana na miti mirefu. Majirani walikuwa na mageti ya umeme na walinzi wa zamu. Lango lake lilifungwa kwa kamba ya katani, na mlango wa mbele haukufungwa kabisa. Mwenzake mmoja wa idarani alimwuliza siku moja mbele yetu, "Daktari, si wewe ndiye unayefundisha mambo ya kufuli?"

"Nafundisha kufuli za watu wengine," akajibu.

Simu yake haikuwa na nywila. Aliiacha popote, juu ya meza ya maktaba, juu ya kaunta ya duka la dawa. Tulipomkemea, maana ilitutia aibu sisi tuliomsifu kote, alisema, "Mwizi ataona nini humo? Picha za ng'ombe na meseji za michango ya mazishi." Na siri ndogondogo hakuziweza hata kidogo. Idara ilipopanga kumshangaza katibu wake kwa sherehe ya kumuaga, kesho yake asubuhi alimwuliza katibu huyohuyo keki ya aina gani humkaa vizuri tumboni.

Lakini kulikuwa na siri moja ambayo hakuna aliyeigusa. Hakuwahi kumwambia mtu alimpigia nani kura. Kwetu Kisumu mtu huulizwa atapiga kura saa ngapi, haulizwi atampigia nani, maana wote hudhaniwa wana mtu mmoja, kwa hiyo kunyamaza kwake kulikuwa karibu na tusi. Mkewe, muuguzi mstaafu mwenye kicheko kirefu, alikuwa akitusimulia huku anatumiminia chai. "Huyu mtu nimempikia tangu nikiwa msichana. Hata ndoto zake nazijua. Lakini kura? Yawa! Tunaenda pamoja, tunarudi pamoja, nikimuuliza ananiuliza bei ya nyanya."

"Na nyanya zilikuwa bei gani?" akasema Mwalimu.

"Mmeona?"

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo aliiandika ubaoni katika kipindi cha kwanza kila mwaka, kabla hajaandika hesabu yoyote: *Siri si ya mwenye hatia. Siri ni ya mtu ambaye kesho lazima amsalimie mwenye nguvu.* Halafu aliifuta, akaanza na namba tasa.

Msemo wake wa pili ulikuwa, "Usiniamini mimi." Aliutumia kama wengine wanavyotumia "kwa hiyo" au "sasa." Alikuwa akiandika ubaoni mfano wenye kosa aliloliweka makusudi, na aliyelipata alinunuliwa mandazi. Mimi nililiona kosa mara nyingi nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani aliyekosea ni mimi. Siku moja aliacha kuandika, akageuka, akanitazama muda.

"Akinyi," akasema, "uso wako umeshajua. Mdomo wako unangoja nini?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, lakini nilirudi chumbani nikalifikiria swali hilo hadi mvua ikaanza na nguo zangu zikalowa kambani.

Mfano wake mkubwa wa kueleza usimbaji aliuchukua kwa akina mama. Chama cha mama yangu, kama vyama vingi vya akina mama huko, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku halifunguki wote watatu wasipokuwapo. Nilipomsimulia, alisogeza kiti karibu kama mtu aliyetajiwa jamaa yake. "Wenzetu wamevunja vichwa vyuoni kutafuta jambo hilo," akasema, "na mama yako analikalia kila Alhamisi." Tangu hapo sanduku la mama likawa mfano wake. Hakuna mtu mmoja anayeaminiwa peke yake, alisema, na kwa sababu hiyo hakuna anayehitaji kushukiwa peke yake.

Alichokuwa hajakijua, na nilichosahau kumwambia kwa kuwa kwangu kilikuwa cha kawaida kama chumvi, ni kwamba zile funguo tatu hazikukaa kwa watu watatu. Mmoja akienda matanga, anamwachia mwenzake ufunguo ili mkutano usikwame. Mwingine mtoto akiugua anafanya vivyo hivyo. Kuna majuma ambayo funguo zote ziko kwenye kitambaa cha mama mmoja, na hakuna anayeona ajabu. Kuacha ufunguo ni adabu. Kukataa kuachiwa ndiko matusi.

Alipofika ufuoni mara ya kwanza alikuja kununua ngege, samaki wetu wa ziwani, maana alisema wa mjini wamechoka. Ikaangukia siku ya kumchagua mwenyekiti wa kamati ya ufuo. Mtu asiyekaa ziwani anaweza kuuona uchaguzi huo mdogo. Mwenyekiti ndiye anayeamua boti zishushe wapi, nani apewe nafasi kwenye banda la kuanikia, na mgogoro wa nyavu uishe vipi. Ulifanywa kwa mlolongo. Wagombea walisimama kando ya maji na kila mtu akasimama nyuma ya mtu wake, mchana kweupe.

Upande mmoja alisimama Mzee wa Boti, aliyemiliki sehemu kubwa ya boti za pale. Hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alisomesha yatima, na kwenye mazishi alikuwa wa kwanza kutoa hema. Lakini mama aliyesimama kwenye mlolongo usio wake, kesho yake alfajiri aliambiwa samaki wameisha, wakati wamejaa kwenye ndoo mbele ya macho yake. Upande wa pili alisimama Mama Achieng', mchomaji samaki, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyetaka samaki wagawiwe kwa zamu.

Mama yangu alianza nyuma ya Mama Achieng'. Kisha akageuka akatazama boti. Kisha akahama, polepole, kama mtu anayetafuta kivuli.

Mwalimu alisimama na ngege wake ndani ya mfuko wa karatasi wakimtonea viatu. "Umeona miguu ya mama yako?" akaniuliza. "Ilitaka kubaki."

Hayo ndiyo yaliyoanzisha yote. Nilikuwa namaliza shahada, natafuta mradi. Yeye alikuwa na mradi wake wa miaka mingi wa kura za kielektroniki ambao ulikuwa haujawahi kutoka kwenye karatasi za makongamano. Akauleta ziwani.

Aliwaeleza watu wa ufuo chini ya banda la nyavu, amevua viatu. Kila mtu angegusa picha kwenye skrini, na kura yake ingefungwa kwa hesabu palepale. Angepewa kikaratasi chenye namba, ili baadaye atazame ubaoni ahakikishe kura yake imo. Namba hiyo ingemwonyesha kuwa amehesabiwa. Isingemwonyesha yeyote amemchagua nani, hata yeye mwenyewe akitaka kuionyesha.

"Hata nikilazimishwa?" akauliza Mama Achieng'.

"Hata ukilazimishwa. Hutakuwa na cha kuonyesha."

"Basi hiyo karatasi ni kama mume wangu," akasema. "Ipo, lakini haisemi kitu."

Walifanya majaribio kwa kuchagua kati ya samaki wawili, ngege na mbuta. Mbuta akashinda, ukazuka ugomvi wa kweli, na fundi wa nyavu akakataa matokeo kwa sababu omena, dagaa wetu, hakupewa nafasi ya kugombea. Mwalimu alicheka hadi akaketi. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile, si kabla, si baadaye.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa roho ya mpango wote. Kura zilihifadhiwa zikiwa zimefungwa, kila moja ikiwa bado na namba ya aliyeipiga, ili mtu asipige mara mbili. Siku ya kuhesabu zingechanganywa na kubadilishwa sura, hadi asijue yeyote ipi ni ya nani, ndipo zifunguliwe. Ufunguo wa kufungulia aliukata vipande vitano, akaweka kila kipande kwenye flashi, akazigawa kwa watu watano: mama yangu kwa niaba ya wauza samaki, mchungaji, fundi wa nyavu, naibu wa chifu mstaafu, na Mzee wa Boti mwenyewe. Vipande vitatu vyovyote vilitosha. Vikitumika baada ya kuchanganya, vinatoa hesabu. Vikitumika kabla, vinatoa majina.

"Kwa hiyo watatu wasiwahi kukutana kabla ya siku," aliwaambia. "Hata mimi msiniamini."

Wakaitikia. Watu wetu huitikia vizuri sana.

Kura zilipigwa Ijumaa, kuhesabu kukawekwa Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ni siku ya mazishi na Jumapili ni ya Mungu. Katika siku hizo mbili yalitokea mambo ambayo mimi niliyajua baadaye, kwa mkewe na kwa mama yangu.

Jumamosi mchungaji alipita Milimani akielekea matanga mbali, akaiacha flashi yake, kwa kuwa hakujua kama atawahi kurudi. "Japuonj, hii ni yako tu, nikichelewa kazi isisimame." Jumapili baada ya ibada akaja fundi wa nyavu. "Hii kitu ya kompyuta, panya wakikula kwangu nitasema nini? Kwako kuna simiti." Jioni kabla jua halijazama akaja mama yangu. Mzee wa Boti alikuwa amepita kwenye meza yake sokoni, akaketi muda mrefu, akauliza kwa upole tu kile kidude kinafananaje. Mama alifika Milimani amekifunga kwenye ncha ya leso. Hakutaka kuingia ndani. Alikitoa kwa mikono miwili, kama anavyotolewa mtoto, akasema, "Mwalimu, nishikie."

Mkewe anasema alimwona Mwalimu akiirudisha mikono nyuma kidogo. Kisha akanyoosha kiganja.

Usiku ule, anasema mkewe, zile flashi tatu zililala ndani ya bakuli la sukari mezani, na yeye akamwambia azirudishe asubuhi mapema, kimyakimya, mlango kwa mlango. Akakataa. "Nikizirudisha kisirisiri nitakuwa na kitu cha kuficha."

Jumatatu ukumbi wa kanisa ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Niliita wenye vipande. Mzee wa Boti akaja na chake, naibu wa chifu na chake. Kisha Mwalimu akasimama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa flashi tatu, akampa kila mwenyewe yake mbele ya watu wote, na kumshukuru mmoja mmoja. Alikuwa anatabasamu. Aliamini kabisa kwamba jambo lililofanywa waziwazi haliwezi kueleweka vibaya.

Nilimgeukia Mzee wa Boti kabla sijajua kwa nini.

Mzee wa Boti hakupaza sauti. "Japuonj," akasema, "nisaidie mimi ambaye sikusoma. Si ulisema zikikutana tatu, majina yanaonekana?"

"Nilisema hivyo."

"Na hizi zilikuwa kwako. Tangu lini?"

"Ya mwisho tangu jana."

"Na nyumba yako, nasikia haifungwi."



"Sikufungua kitu," akasema Mwalimu. "Naapa."

"Sijasema umefungua. Nauliza tu tutajuaje."

Naye, mtu aliyekuwa na jibu la kila mwanafunzi, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akilitafuta jibu. Nilijua halipo, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuwa halipo. Unaweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba kura imehesabiwa. Huwezi kuthibitisha kwamba mtu hakutazama.

Tulihesabu. Mama Achieng' alishinda, wala hakushinda kwa shida. Kila aliyelinganisha namba yake na ubao aliikuta. Nilihakiki uthibitisho wote mwenyewe, nikarudia, nikarudia tena, na hesabu ilikuwa safi kama maji ya kisima. Nyumbani nilimwambia mama kwa furaha. Alikuwa anapanga samaki bila kuniangalia.

"Na majina?" akauliza.

"Majina hayajulikani, Mama. Yamechanganywa."

"Lakini yalikuwa kwa Mwalimu usiku kucha."

"Mwalimu hawezi kufanya hivyo."

"Najua hawezi," akasema mama. "Nyumba yake haifungwi."

Kesho yake alfajiri, kabla boti hazijafika, mama alikwenda kwa Mzee wa Boti. Alimwambia mwenyewe kwamba alimpigia Mama Achieng', akaomba yaishe. Alitaka asikie kutoka kwake kabla hajasikia kwingine. Alipotoka alipishana mlangoni na mwenzake anayeuza omena, aliyekuja na jambo hilohilo. Na nyuma yake kulikuwa na mwingine. Wiki ile walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na wengine waliokuwa wamempigia Mzee wa Boti wakaenda pia kumhakikishia, hadi asiyekwenda akajulikana kwa kutokwenda.

Baadaye Mzee wa Boti alikuwa akisimulia kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikufungua sanduku lolote. Walikuja wenyewe."

Samaki wakaanza kuisha asubuhi mapema kwa akina mama fulani. Mama Achieng' alikaa kwenye kiti msimu mmoja wa mvua, kisha akasema amechoka kuwa mwenyekiti wa watu wanaoomba radhi kwa kumchagua. Uchaguzi ukarudiwa, kwa mlolongo. Mama yangu hakuanzia kwingine safari hii. Alikwenda moja kwa moja akasimama nyuma ya Mzee wa Boti, miguu imetulia.

Mwalimu hakujitetea. Watu wengine chuoni walimshauri aandike makala, aonyeshe kwamba mfumo wenyewe ulikuwa sahihi, na ulikuwa sahihi. Hakuandika. Somo la usimbaji alimwachia mwenzake kijana, akaomba apewe hesabu za mwaka wa kwanza. Nilipita siku moja nje ya ukumbi wake nikamsikia anafundisha. Hakukuwa na makosa ya kutegwa ubaoni wala mandazi. Jumapili alihamia benchi la mbele, mahali ambapo mtu hawezi kumfikia bila kuonekana na kanisa zima, na mikoba ikatafuta mapaja mengine.

Na mimi nikafikiri. Hiyo ndiyo sehemu ninayoijua vizuri. Kompyuta yetu haikuonyesha dalili yoyote ya mtu kufungua kura kabla ya wakati. Lakini angeweza kuzinakili akatumia kompyuta nyingine. Lakini kwa nini? Labda kwa udadisi tu. Lakini huyu ni mtu asiyeuliza hata mkewe. Lakini ndiyo hasa mtu ambaye kukaa usiku kucha na jibu ndani ya bakuli la sukari kungemtesa. Nilijijibu hivi, nikajijibu vile. Kila usalama alionifundisha ulianza kwa kudhani kwamba mwenye uwezo wa kutazama ametazama. Niliamini kwamba hakutazama. Sijui kama kuamini ndilo neno, ikiwa mtu analirudia kila siku.

Alistaafu, wakahama Milimani, wakarudi nyumbani kwao karibu na Pap Onditi. Mimi nilipata kazi mjini, katika ofisi inayolinda akaunti za watu, na kazi yangu ni kuwashuku wateja wema siku nzima. Mwaka huu mama alikaanga ngege, akawafunga kwenye gazeti, akaniambia niwapeleke.

"Mwambie sikuwahi kumfikiria vibaya," akasema. Kisha akaongeza, "Mwambie mwenyewe vizuri. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimkuta peke yake, mkewe amekwenda Awasi sokoni. Alikuwa amekonda, amevaa kofia ya majani, anapalilia ndengu. Alinisalimu kwa furaha, akanitengenezea chai mwenyewe, mbaya. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli kubwa, na aliuvuta ukajifunga kila alipotoka, hata alipokwenda kuchukua maziwa jikoni, hatua chache tu nje. Hakusema chochote kuhusu hilo, nami sikuuliza.

Tulizungumza juu ya ndengu na mvua. Kisha akasema, bila mimi kumgusia, "Kosa halikuwa kwenye hesabu. Nilisoma miaka yote kuhusu mtu anayetaka kukuibia ufunguo. Sikusoma hata ukurasa mmoja kuhusu mtu anayekuja kukupa."

"Ungeweza kukataa," nikasema.

"Ungekuwa wewe ungekataa? Mama yako alininyooshea kwa mikono miwili." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nilipoona wanakwenda kwa yule mzee mmoja mmoja, nilitamani ningekuwa nimetazama kweli. Angalau ningekuwa nimeipoteza imani yao kwa sababu ya kweli."

Nilimpa ujumbe wa mama. Alitabasamu, akafungua gazeti, akamnusa ngege. "Mwambie ahsante. Mama yako ni mwongo mwema."

Kisha akaweka kikombe chini.

"Na wewe, Akinyi? Uliwahi kufikiri kwamba nilitazama?"

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa fupi, na lilikuwa ndilo nililosafiri nalo kutoka Kisumu. Lakini neno lake lilikuwa "kufikiri," na mimi nilikuwa nimefikiri. Kama ningesema hapana ningekuwa nimemdanganya mtu aliyenifundisha kutodanganywa. Kama ningesema ndiyo angesikia jambo ambalo silo. Kulikuwa na njia ya katikati, sentensi iliyosema kwamba kufikiri si kushuku na kushuku si kuamini, na nilikuwa naipanga, neno la kwanza, la pili, nilikuwa karibu kabisa kuipata.

Aliutazama uso wangu kama alivyoutazama zamani kutoka ubaoni. Safari hii hakuuliza mdomo unangoja nini.

"Ni sawa," akasema, na akanigusa begani kidogo. "Ni sawa kabisa. Si nilikwambia usiniamini?"

"Mwalimu, hapana, sivyo..."

"Nenda mapema, mvua inakuja."

Alinisindikiza hadi barabarani, amelifunga lango, amelijaribu mara mbili. Nilikuwa na mkoba wangu na mfuko wa ndengu alionipa nimpelekee mama. Pikipiki ikasimama. Njia ilikuwa na matope, na sikuweza kupanda nikiwa na mikono yote miwili imejaa, kwa hiyo nikageuka nikamnyooshea mkoba bila kufikiri, mara moja hiyo katika maisha yangu.

"Mwalimu, nishikie kidogo."

Mikono yake ilikuwa tayari imeanza kuja. Niliiona. Kisha ikasimama, ikarudi, akaifumbata nyuma ya mgongo wake.

"Uweke chini hapo penye nyasi," akasema kwa upole. "Nitasimama karibu nao."

Nikauweka chini. Nikapanda, kijana wa pikipiki akashuka akauokota yeye, akanipa. Mwalimu alibaki amesimama pale penye nyasi mikono nyuma, akituangalia, kama mtu anayelinda kitu ambacho kimeshaondoka.